Kabla ya Penseli, Birika

Wapenzi wa kandanda wanaijua Luton Town, iliyocheza Ligi Kuu ya Uingereza msimu wa 2023/24. Jina lake la utani, Hatters, maana yake watengeneza kofia: mji huo ulio karibu na London uliishi kwa kusuka ukili wa mabua ya ngano na kuushona kofia. Siku hizi kofia za fasheni zinazozungumzwa sana hutoka kwenye karakana ndogo za London, na humo ndimo mbunifu mchanga huanzia kazi.

Anayedhani siku ya kwanza atakabidhiwa penseli, hukabidhiwa birika. Felti haitengenezeki bila mvuke. Hufukizwa hadi ilainike, ikavutwa juu ya kalibu ya mti, ikakazwa kwa kamba na pini, ikaachwa ikaukie hapo hapo. Sinamei, kitambaa cha nyuzi za abaka, mmea wa ukoo wa mgomba unaolimwa sana Ufilipino, hulowanishwa na kukatwa hanamu ili ikubali kupinda. Kisha waya hushonwa ukingoni kwa mkono, na utepe ndani, pale kofia inapokamata kichwa. Sentimita moja ikizidi, kofia humwangukia mvaaji machoni.

Kuchora kunakuja baadaye, nako kuna mipaka. Tangu 2012, jukwaa la kifalme kwenye mbio za farasi za Ascot halikubali vile vipambo vidogo vya kubana nywelani. Kitakachovaliwa lazima kiwe na kitako cha sentimita 10 au zaidi. Mbunifu akisahau kipimo hicho, aibu humpata mteja mlangoni.

Stephen Jones, bingwa wa fani hii, aliingia karakana ya kofia akiwa mwanafunzi, kwa sharti kwamba kwanza alete kofia aliyoitengeneza mwenyewe. Alichukua kadibodi, akaifunika kwa kitambaa cha blauzi ya dada yake, akapachika ua la plastiki. Akapokewa. Mwaka 1980 alifungua duka lake Covent Garden.

Jina linaloshonwa ndani ya kofia ni la mwenye karakana, hata kama ukingo wote umeshonwa na kijana. Hilo silioni dhuluma. Ndivyo ufundi unavyorithishwa. Dhuluma ni ujira. Fani ya mitindo Uingereza imelalamikiwa kwa miaka mingi kwa kuwatumikisha wanagenzi bila malipo, ilhali sheria inataka afanyaye kazi ya mfanyakazi alipwe angalau kima cha chini. Matokeo yake, mara nyingi anayemudu kujifunza ni yule ambaye wazazi wake wanaweza kumlipia kodi ya chumba London.

Philip Treacy, kijana wa kijijini Ireland, naye alipitia kwa Jones kama mwanagenzi. Akiwa na miaka 23 tayari alikuwa akibuni kofia za Chanel, Paris. Wengi hawafiki huko. Hushona kofia za harusi nyumbani, wakingojea msimu wa Ascot kila Juni.