Simu iliyoporwa Nengo huhesabiwa wapi?

Tuseme ni saa tatu usiku. Mhudumu wa hoteli anapanda kutoka ufukwe wa Ziwa Kivu kurudi kwake Nengo, katika mji wa Gisenyi nchini Rwanda. Vijana wawili wanamkaba, wanamchana mkono kwa kisu na kutokomea na simu yake. Mpaka wa Goma, upande wa Kongo, uko karibu kiasi kwamba kabla hakujapambazuka simu hiyo inaweza kuwa imeshapata mnunuzi ng'ambo. Mhudumu anaanzia kwa mutwarasibo, kiongozi wa zile nyumba chache zinazomzunguka. Mutwarasibo anampigia mutekano, anayeshughulikia usalama wa mudugudu, yaani kijiji, na vijana wa irondo, doria ya usiku, wanaingia njiani. Kwa bahati simu inapatikana chini ya godoro la kijana wa jirani. Mama yake anakuja kuomba radhi, na mzee mmoja anayeheshimika anatoa kauli tunayoijua sote: "Mwanangu, simu umeipata, mkono utapona. Huyu ni mtoto wa hapahapa. Yaishe."

Yanaisha kweli. Na katika takwimu za Rwanda, usiku huo Nengo hakukutokea kitu.

Mfano huu nimeutunga, lakini kila hatua yake anaijua yeyote aliyeishi Gisenyi. Nimeanza nao kwa sababu mazungumzo kuhusu takwimu za uhalifu huanzia mahali pengine kabisa: kwenye kompyuta. Huko Rwanda haina cha kuonea haya. Tangu 2016 inao mfumo mmoja wa kielektroniki wa kushughulikia kesi, unaojulikana kwa kifupi IECMS, unaowaunganisha wapelelezi, waendesha mashtaka, mahakama na magereza. Faili linafunguliwa mara moja, kisha linasafiri lenyewe. Mwendesha mashtaka hasubiri mtu alete bahasha, wala karani wa mahakama hana haja ya kunakili upya jina la mshtakiwa na kulikosea. Anayejua majalada yanavyopotea katika vituo vingi vya ukanda wetu ataona kwamba hiyo si hatua ndogo.

Lakini mfumo huhesabu kilichoingizwa. Ukitazama chini, hata mlango wa kuingilia umebadilika katikati ya safari. Hadi mwanzoni mwa 2018 upelelezi ulikuwa mikononi mwa Polisi ya Taifa. Sheria ya 2017 ilianzisha Ofisi ya Upelelezi, RIB, na mwaka uliofuata kazi hiyo ikahamia huko. Agosti 2018 ikaja pia sheria mpya ya makosa ya jinai. Kwa mwananchi wa kawaida, mwenye sare ni polisi tu, na akipatwa na jambo humkimbilia aliye karibu. Kwa mtu wa takwimu, hapo pana ufa: anayelinganisha idadi ya kabla na baada ya 2018 analinganisha vitabu vya ofisi mbili zilizofanya kazi chini ya sheria mbili. Grafu haitamwambia hivyo asipouliza.

Kisha kuna swali la kipi kihesabiwe. Rubavu, wilaya uliomo mji wa Gisenyi, ina vikundi vya vijana ambavyo watu na magazeti huviita abuzukuru ba Shitani, wajukuu wa Shetani. Jina linatisha, lakini si kosa katika sheria yoyote. Tukio la mhudumu wetu ni unyang'anyi, ni kujeruhi, au ni vyote viwili? Mpelelezi anahesabu tukio, mwendesha mashtaka anahesabu jalada, na mahakama ikiwahukumu vijana wawili yaweza kuhesabu watu wawili. Wote watatu wanasema kweli, na namba zao hazitakutana kamwe. Ndiyo sababu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulipitisha uainishaji wa kimataifa wenye mafungu 11, unaotazama kitendo kilichofanyika badala ya jina lake katika sheria ya kila nchi.

Marekani, yenye fedha na wataalamu, ilijikwaa papo hapo. FBI ilikusanya takwimu tangu 1930 kwa kanuni iliyohesabu kosa moja tu, lile zito zaidi, katika kila tukio. Kwa kanuni hiyo kisu cha Nengo kingeweza kumezwa na unyang'anyi. Mwanzoni mwa 2021 fomu ya zamani ilifungwa ili kila shirika la polisi liripoti kila kosa kwa undani. Miaka ya maandalizi na mamilioni ya dola yalikwisha kutumika, lakini siku ilipofika, polisi wa New York na Los Angeles hawakuwa tayari, na picha ya taifa ya mwaka huo ikatoka na mashimo makubwa. Kwa takwimu za 2022 ikabidi fomu ya zamani ipokelewe tena.

Hata hivyo, mimi naona tatizo zito zaidi la Nengo halimo kwenye fomu. Limo kwenye zawadi. Tangu 2006 viongozi wa wilaya huweka saini imihigo, ahadi za utendaji ambazo hushuka hadi ngazi ya chini, na polisi wamekuwa wakihimiza vijiji visivyo na uhalifu. Nia ni njema, na yamkini imezuia mengi. Lakini mweke mzee wa mudugudu kwenye mizani hiyo, umpe kesi ya kijana wa jirani aliyekwisha kuomba radhi. Sifuri ina faida kwa kila mtu aliyesimama pale, isipokuwa mwenye jeraha. Hakuna anayelazimika kudanganya. Wananyamaza tu.

Uingereza waliwahi kukagua kimya cha aina hiyo. Januari 2014 takwimu za polisi ziliondolewa hadhi ya kuwa takwimu rasmi za taifa, na Novemba ya mwaka huo wakaguzi wakaeleza kwamba takriban asilimia 19 ya makosa yaliyoripotiwa kwa polisi wa Uingereza na Wales hayakuandikwa popote. Baada ya hapo idadi ya makosa ya ukatili ilipanda sana vitabuni, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ilikuwa kalamu iliyoamka.

Rwanda yenyewe ina mfano wake wa kuvunja kimya hicho, tena haukubuniwa kama mradi wa takwimu. Huduma ya Isange ilianza 2009 katika hospitali ya Kacyiru, Kigali, kisha ikaenea hadi vituo zaidi ya 40 katika hospitali za nchi. Mwanamke au mtoto aliyefanyiwa ukatili anapata daktari, mshauri na mpelelezi chini ya paa moja, bila malipo. Haambiwi aende ofisi nyingine kesho huku ushahidi ukipotea mwilini. Kwa hiyo anakuja, na anapokuja kesi yake inaandikwa. Sijui mtu aliyewahi kwenda kuripoti ili taifa lipate grafu nzuri. Mhudumu wetu naye angefunguliwa faili kama kufungua faili kungempa kitu ambacho ile "yaishe" haikumpa: matibabu ya mkono, tuseme, na namba ya kesi ya kufuatilia kwa simu hiyohiyo.

Simu ikivuka mpaka, hesabu inakuwa ngumu zaidi. Tangu waasi wa M23 waiteke Goma mwishoni mwa Januari 2025, mamlaka ya upande wa pili si yale yaliyokuwapo. Orodha ya mali ya wizi inayoanzia Gisenyi ingeishia kwenye meza ya nani?

Kwa upande huu wa mpaka, kazi ya kuanzia haihitaji mfadhili mkubwa. Taasisi ya Takwimu ya Rwanda haina mudugudu wa kutetea. Ichukue madaftari ya mutekano wa Nengo na ya Mbugangari, kule kwenye msongamano karibu na mpaka mdogo, iyalinganishe na yaliyomo kwenye IECMS kwa miezi hiyohiyo, na itangaze tofauti bila kumtaja mzee yeyote. Halafu wilaya ikubali jambo moja gumu: mwaka wa kwanza Rubavu itaonekana mbaya, na hakuna atakayepoteza alama za imihigo kwa sababu hiyo.