Wino Mweupe juu ya Fulana Nyeusi

Wanafunzi wenzangu, nanyi ndugu zetu mliokwisha kutoka shuleni, wengi wenu mmeniuliza kwa nini wino mweusi huonekana barabara juu ya fulana nyeupe, lakini wino mweupe ukipigwa juu ya fulana nyeusi hutokea kijivu kama jivu la jikoni. Swali hili si dogo hapa Bugarama. Wakulima wa mpunga, kwaya na timu za mpira hupenda fulana za rangi nzito, kwani matope hayaonekani upesi, na fedha za kuzinunua ni michango ya watu. Fulana thelathini zikiharibika, mpiga chapa hana budi kuzilipa. Na anayeanza kazi hana mfuko huo.

Sababu ni hii. Wino mweusi husaidiwa na weupe wa kitambaa. Wino mweupe hausaidiwi na mtu. Sharti ukifunike kitambaa wenyewe. Fikirini ukuta wa udongo mwekundu: mkono mmoja wa chokaa hautoshi, na ukipaka wa pili kabla ya wa kwanza kukauka, wavuruga yote. Basi kazi yetu ni kuulaza wino juu ya nyuzi, si kuuzamisha ndani yake.

Nunueni wino mzito wa kufunika, wala msiuongeze maji ili utoshe watu wengi. Skrini, yaani fremu ya mbao iliyowambwa wavu, iwe na nyuzi 43 hivi kwa kila sentimita. Wavu wa nyuzi 90 wafaa karatasi, lakini hupitisha wino kidogo mno. Kutengeneza picha kwa dawa na mwanga ni habari ndefu. Anayeanza aweza kukata herufi nene katika karatasi isiyonywa wino, akaibandika chini ya wavu.

Ifungeni fremu kwa bawaba mbili juu ya ubao, ili kila ikishuka irudi mahali pale pale. Ipigeni fulana pasi kwanza, vinyweleo vya pamba vilale. Kati ya wavu na fulana pawe na nafasi ya unene wa sarafu mbili. Kisha vuteni wino kwa kibao chenye ukingo wa mpira, kwa mkono imara lakini usiokandamiza. Mwenye nguvu nyingi hapa ndiye anayepata kijivu!

Sasa msiiondoe fulana ubaoni. Shikeni pasi ya moto juu ya wino bila kuugusa, mpaka usinate kidoleni. Acheni upoe kidogo, ndipo mvute mkono wa pili. Kupoa ni lazima, maana ubao wa moto huufanya wino ugande katika wavu.

Jambo hili latuhusu sana sisi wa huku. Bonde letu ni la chini kuliko sehemu zote za Rwanda, mto Rusizi ukiwa meta 950 hivi tu juu ya bahari, na joto lake mnalijua. Wino wa maji hukauka katika matundu kabla hujageuka. Fanyeni kazi asubuhi, kivulini, na kila mkiisha kuvuta, funikeni wavu kwa wino mwembamba wa kungojea fulana ijayo.

Jua hilo hilo hudanganya watu. Wino huonekana mkavu juu, lakini haujashika. Aina nyingi hutaka joto la nyuzi 150 hadi 160. Someni maandishi ya kopo. Wino wa maji ukiisha kukauka, tandazeni karatasi tupu juu yake na kupiga pasi dakika kadhaa. Wino wa plastiki haukauki kwa hewa kamwe, hata ukiuacha wiki nzima.

Tazameni pia lebo ya shingoni. Pamba ni rafiki. Jezi nyekundu ya poliesta ikipata moto, rangi yake hupanda kama mvuke ikaingia katika wino, na kesho yake weupe wenu umekuwa waridi. Jezi hizo zina wino wake wa kuzuia rangi, nao hukomaa kwa joto dogo zaidi.

Kabla ya kupiga thelathini, pigeni moja. Ingojeeni siku moja, ifueni kwa sabuni na kuikamua mara tano, kisha vuteni herufi kwa vidole. Wino ukipasuka kama tope la shamba lililokaushwa, rudisheni pasi, na mwenye fulana asubiri.