Glokoma: Namna ya Kulinda Macho Yako

Munganga akikuambia kwamba una glokoma, usikate tamaa. Wala usiseme, "Haiumi, si kitu." Mara nyingi ugonjwa huu hauna maumivu, na kwa sababu hiyo watu wengi wanachelewa kuja hospitali.

Glokoma ni nini?

Ndani ya jicho kuna maji safi, ambayo si machozi. Kila siku maji mapya yanatengenezwa humo, na ya zamani yanatoka kwa njia ndogo sana. Njia ile ikiziba, maji yanazidi na kuponda mshipa unaopeleka habari za jicho kwa ubongo. Kwanza mtu anapoteza kuona kwa pembeni. Anajikwaa kwa viti, anagonga watu njiani, lakini angali anasoma Biblia yake, naye anafikiri macho yake ni mazima.

Usichanganye glokoma na mtoto wa jicho. Mwenye mtoto wa jicho akipasuliwa, huweza kuona tena. Lakini macho yaliyopotea kwa glokoma hayarudi. Dawa na kupasuliwa vinalinda yale yaliyobaki tu.

Namna ya kutia matone

Nawa mikono. Inua uso, vuta chini kope la chini, tia tone 1. Funga jicho, na bonyeza kidole penye pembe ya jicho karibu na pua kwa dakika 2. Kama una dawa ya pili, ngoja dakika 5. Tia kila siku kwa saa ileile, hata ukijisikia mzima. Chupa isiishe mbele ya kupata nyingine. Kama una pumu, umwambie munganga, maana matone mengine yanaweza kufunga pumzi.

Desturi za kila siku

Tembea kwa miguu kila siku. Jambo hili linapunguza kidogo nguvu ya maji ndani ya jicho. Kunywa maji kidogo kidogo, usinywe litre nzima kwa mara moja. Usikae muda mrefu kichwa kikiwa chini, wala usiinue mzigo mzito huku umeziba pumzi. Acha tumbako, maana inaharibu mishipa ya damu. Acha ulevi; mlevi husahau dawa yake.

Usitie maji ya majani ndani ya macho. Usinunue sokoni matone ya kortizoni. Yanatuliza macho mekundu, lakini yanaweza kuleta glokoma yenyewe.

Desturi njema zinasaidia, lakini haziwezi kushika nafasi ya matone.

Wengine wanasema, "Nimeombewa, nimetupa chupa." Ndugu, kuomba ni kwema, nasi tunaomba pamoja na wagonjwa. Kama Bwana amekuponya, munganga akipima ataona. Mpaka siku ile, omba na utie dawa.

Jicho likiuma sana na kuwa jekundu, ukitapika, na ukiona duara za rangi kuzunguka taa, njoo hospitali siku ileile.

Tena, ugonjwa huu unapita katika jamaa, na kwetu watu weusi unaanza mapema na kuharibu upesi. Basi usije peke yako. Lete kaka, dada na watoto wako wakubwa, zaidi wale waliofika miaka 40, wapimwe wakati wangali wanaona.