Kompyuta Ikichelewa Kuwaka: Ipime Kwanza Kabla ya Kuulaumu Uzee

Saa moja na nusu asubuhi, ofisi za Dodoma zinapofunguliwa, maelfu ya kompyuta huwashwa karibu kwa wakati mmoja: katika Mji wa Serikali Mtumba, kwenye halmashauri za Bahi na Kongwa, na kwenye steshenari za Ng'ong'ona zinazowachapia kazi wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma. Nyingine huwaka mara moja. Nyingine hubonyezwa, mwenyewe akaenda kunywa chai, akarudi na kuikuta bado inazungusha duara. Hukumu hutolewa papo hapo: imezeeka, inunuliwe nyingine.

Hukumu hiyo mara nyingi si ya haki. Prosesa haipungui mwendo kwa kuzeeka. Iliyotengenezwa kupiga mapigo bilioni 2.4 kwa sekunde itapiga hayohayo miaka kumi baadaye, mradi ipate umeme safi na isichemke. Kinachobadilika ni mzigo tunaoitwisha, diski inayoutoa mzigo huo, na joto linaloizunguka. Hayo matatu yanapimika, na kwa sehemu kubwa yanatibika.

Baada ya kidole kubonyeza

Kompyuta iliyozimwa haikumbuki kitu. Memori yake ya kazi, yaani RAM, hufutika umeme unapoondoka. Kwa hiyo kila asubuhi kazi huanza upya. Programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya ubao mkuu huamka kwanza, ikakagua memori, kibodi na diski. Hatua hiyo kwa kawaida ni sekunde chache. Kisha mfumo endeshi huanza kupakiwa kutoka kwenye diski: kiini chake, madereva ya vifaa, huduma za mtandao na ulinzi, halafu ukurasa wa kuingiza neno la siri. Ukishaingia, hufuata programu zilizojiandikisha kuanza zenyewe. Hatua hizi zote husubiri diski, na hapo ndipo dakika hupotelea.

Hadidiski ya kawaida ya laptopu ina sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, sawa na mizunguko 90 kwa sekunde. Juu yake huelea kichwa cha kusomea, kikiwa nanomita chache tu kutoka kwenye sahani, ilhali unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Kichwa hicho hufanya kazi kama karani wa masjala: kila faili linapoitwa, lazima aende hadi kwenye rafu yake, angoje, alichukue, ndipo aende kwa linalofuata. Safari moja pamoja na kungoja sahani izunguke huchukua milisekunde 15 hadi 17 hivi. Kwa hiyo hadidiski husoma vipande vilivyotawanyika kama 60 tu kwa sekunde. Tuchukulie mfumo unahitaji vipande 6,000 vya namna hiyo: ni sekunde 100 za kungoja. Diski ya aina ya SSD haina sahani wala kichwa. Kila kipande huipata kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde, na vipande hivyo 6,000 huvimaliza kabla sekunde moja haijaisha.

Ndiyo maana kubadilisha hadidiski kwa SSD huleta tofauti kubwa kuliko tiba nyingine yoyote kwa mashine ya zamani, na gharama yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya laptopu mpya. Kuongeza RAM nako husaidia pale mashine yenye GB 4 inapolazimika kuazima nafasi ya diski kila memori inapojaa.

Wageni wasioalikwa

Kabla ya kutoa hela, kuna tiba isiyo na gharama. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, ufungue sehemu ya programu zinazoanza zenyewe. Utakuta orodha yake, na mbele ya kila moja pameandikwa ina uzito gani wakati wa kuwaka: mkubwa, wa kati au mdogo. Juu kulia, mashine nyingi huonyesha pia sekunde ambazo ile hatua ya kwanza ya ukaguzi ilichukua mara ya mwisho. Namba hiyo ikiwa ndogo na bado unangoja dakika tatu, umeshajua tatizo haliko kwenye ubao mkuu.

Zima programu za muziki, za mikutano ya video, za kutafuta masasisho ya vitu usivyovitumia, na za printa uliyokwisha kuiuza. Acha ulinzi dhidi ya virusi na madereva ya sauti na padi ya kugusa. Kuzima hapa si kufuta. Programu bado ipo, itafunguka utakapoiita.

Kisha angalia nafasi. Diski iliyojaa hadi ukingoni huubana mfumo, kwa hiyo acha angalau asilimia 15 ikiwa wazi. Kupanga upya vipande vya mafaili kunaisaidia hadidiski kwa sababu kunampunguzia karani safari. SSD haihitaji upangaji huo, na kuurudia mara kwa mara ni kuichakaza bure.

Jambo moja huwapita wengi. Tangu Windows 8 ilipotoka mwaka 2012, mashine nyingi zikizimwa huhifadhi kiini cha mfumo kwenye diski ili ziwake haraka kesho yake. Faida ipo, lakini hitilafu za jana nazo huhifadhiwa. Anayetaka mwanzo safi achague kuwasha upya badala ya kuzima, walau mara moja kwa wiki.

Vumbi na hewa ya uwanda wa kati

Uwanda wa kati una mitihani yake. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima mvua hiyo ni kama milimita 600 au pungufu. Miezi inayobaki ni upepo na vumbi. Vumbi haliingii ndani ya hadidiski, kwani tundu lake la kupumulia lina kichujio. Huingia kwenye feni. Fungua laptopu iliyofanya kazi viangazi viwili bila kusafishwa, uangalie kati ya feni na mapezi ya shaba au alumini yanayotoa joto: utakuta utando mnene wa kijivu umeziba njia yote, kiasi kwamba hutoka mzima ukiuvuta kwa kibano.

Isitoshe, mji uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10, na feni ileile ikizunguka kwa kasi ileile hubeba joto pungufu. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Mashine iliyozibwa hufika huko haraka, mara nyingi kabla hata hujaona mafaili yako. Safisha mwanzoni na mwishoni mwa kiangazi: zima, chomoa umeme na betri kama inatoka, shika feni isizunguke, kisha puliza kwa hewa kavu.

Tazama na saa ya kompyuta. Ikirudi miaka ya nyuma kila asubuhi na kukudai ubonyeze F1, betri ndogo ya ubao mkuu, kwa kawaida CR2032, imekwisha. Na umeme unapokatika ghafla mara kwa mara, mfumo huweza kulazimika kukagua diski unapowaka. Kifaa cha akiba ya umeme, yaani UPS, huondoa adha hiyo kwa kompyuta za mezani.

Usikimbilie kupiga Windows

Mafundi wengi huanza kwa kupiga Windows upya. Mashine hupata nafuu ya siku chache, kisha uzito hurudi kwa sababu diski iliyochoka ni ileile. Diski ikianza kulia tiki-tiki, nakili mafaili yako siku hiyohiyo kabla ya tiba yoyote. Ogopa pia programu zinazojitangaza kuwa zinaongeza kasi ya kompyuta. Nyingi hujiongeza kwenye orodha ileile ya wageni. Na ikumbukwe kuwa msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine isiyokidhi masharti ya Windows 11 yafaa kuwekewa Linux, ambayo bado hupokea masasisho ya usalama.

Ewe msomaji, kesho asubuhi chukua simu, upime kwa saa tangu unapobonyeza hadi unapoweza kufungua waraka wako. Andika sekunde hizo. Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati, upime tena: programu za kuanzia, nafasi ya diski, vumbi, na mwisho SSD. Usinunue kompyuta mpya kabla hujamaliza orodha hiyo.