Sikio Halina Kope

Sogeeni, wajukuu. Leo twende soko la Kenya. Si ile nchi, ni komini yetu hapa hapa Lubumbashi.

Uko nyuma ya nkambo wako, mnatafuta makayabo. Kushoto, mwenye spika anapiga rumba. Kulia, kijana wa teksibasi anaita: “Katuba! Katuba!” Muuza makala anagombana na mteja juu ya gunia. Nkambo anasema polepole, “Tusisahau unga wa bukari,” nawe unamsikia. Imekuwaje?

Jicho ukitaka unalifumba. Sikio halina kope. Hupokea rumba, Katuba na ugomvi wa makala, vyote vimechanganyika kama mchuzi. Anayechambua ni ubongo. Sauti ya kulia hutangulia kufika sikio la kulia, ndipo la kushoto. Tofauti yake haitimizi hata sehemu moja ya elfu ya sekunde, lakini ubongo huishika, ukajua sauti imetoka wapi. Tena unaijua sauti ya nkambo, uzito wake na mwendo wake. Ukimtazama midomo, macho nayo yanasaidia.

Mwaka 1953, Mwingereza Colin Cherry aliwavalisha watu spika za masikioni: maneno haya kulia, mengine kushoto. Akawaambia, rudieni ya upande mmoja tu. Wakarudia vizuri. Katikati, upande wa pili ukageuzwa kutoka Kiingereza hadi Kijerumani. Hawakugutuka!

Basi mlango wa sikio lile la pili umefungwa kabisa? Hapana. Mwaka 1959, Neville Moray aliingiza majina ya wasikilizaji wenyewe kwenye upande usiosikilizwa. Karibu mtu mmoja kati ya watatu alilisikia jina lake. Kumbe ubongo huacha mlinzi mlangoni, akisinzia jicho moja wazi.

Sasa mmetoka sokoni. Nkambo anauliza, “Yule wa spika alikuwa anauza nini?” Hujui, nawe ulipita ukamgusa bega. Ulipomchagua nkambo, yule ulimwacha.

Ndivyo ilivyo nyumbani, mechi ya Mazembe ikiwa redioni. Mama anakutuma maji mara tatu, husikii. Akisema mara moja tu, tena kwa sauti ndogo, “Bukari iko tayari,” umeshafika mezani.

Akikukaripia, mweleze habari za mlinzi. Lakini maji utayachota.