Faida ya Damu Iliyochangwa Kabla ya Dharura

Mama anayetokwa na damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki dunia katika muda wa saa chache. Muda huo hautoshi kumtafuta ndugu, kumpima, kumtoa damu na kuipeleka maabara ikachunguzwe. Kimwokoacho ni chupa iliyokwisha kuchunguzwa na kuhifadhiwa kabla uchungu haujamshika.

Ndugu anayeitwa wodini hutoa msaada, lakini msaada huo huchelewa. Tena, kwa kuwa amekwenda akiwa na jamaa zake, huenda akaona haya kueleza kweli yote ya afya yake. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani huhimiza wachangiaji wa hiari, wasiolipwa, wanaorudi mara kwa mara. Nchini Tanzania kazi hiyo husimamiwa na Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ulioanzishwa mwaka 2004.

Damu haiwekwi akiba kama nafaka ghalani. Seli nyekundu huhifadhiwa kwenye jokofu kwa takriban siku 35, na chembe sahani kwa siku 5 hivi. Umati ukichangia tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, kisha usirudi, damu ile haitamfaa majeruhi wa ajali ya Agosti, wala mtoto mwenye selimundu atakayeishiwa damu Septemba.

Mchangiaji naye hanyimwi faida. Hupimwa uzito, shinikizo la damu na wingi wa damu. Hujua kundi lake. Na damu yake huchunguzwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende. Hata hivyo, mwenye shaka ya maambukizi aende kwanza kwenye kituo cha ushauri nasaha na upimaji, kwani maambukizi machanga yaweza yasionekane kwenye vipimo, yakamfikia mgonjwa.

Kiasi kitolewacho ni takriban mililita 450. Majimaji yake hurudi mwilini kwa siku moja au mbili. Seli nyekundu huhitaji wiki kadhaa. Ndiyo sababu mwanamume hushauriwa kuchangia kila baada ya miezi 3, na mwanamke kila baada ya miezi 4. Mtu mwenye afya njema, umri wa miaka 18 hadi 65 na uzito usiopungua kilo 50, aweza kuanza leo, ingawa hakuna mgonjwa nyumbani kwake.