Mtaalamu wa Sumu Hutoka Wapi?

Mwaka uliopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya sekondari katika Mkoa wa Mtwara. Mazungumzo yalipokwisha, msichana wa Kidato cha Tatu alisimama akauliza swali ambalo sikuwa nimelitayarishia jibu. Baba yake hupulizia salfa ya unga katika mikorosho ya watu kila msimu, ili kuzuia ugonjwa wa ubwiriunga, na jioni hurudi nyumbani akikohoa, macho yakiwa mekundu. "Mwalimu," alisema, "nikitaka kujua kama salfa hiyo yamdhuru baba, nimwulize nani: daktari, bwana shamba, au mkemia? Na mimi nikitaka kuwa mtu wa kulijibu swali hilo, nisome nini?"

Nilimjibu kwa ufupi siku ile, na jibu lenyewe halikuniridhisha. Makala haya ni jaribio la pili.

Elimu ya sumu, ambayo wataalamu huiita toksikolojia, huchunguza jinsi kitu fulani kinavyodhuru mwili wa kiumbe: kwa kiasi gani, kwa njia ipi, na baada ya muda gani. Elimu ya afya ya mazingira huchunguza jinsi kitu hicho kinavyomfikia mtu kwa hewa, kwa maji, kwa chakula, au kwa kazi anayoifanya. Elimu hizi mbili hazina mzazi mmoja. Katika maabara ya ng'ambo nilikofanyia shahada yangu ya udaktari, tulikuwa watu saba kwenye meza moja ndefu, na miongoni mwetu alikuwamo mfamasia, madaktari wa mifugo wawili, mhandisi wa maji na mtu aliyeanza na hisabati tupu. Mimi nilikuwa nimepitia kemia, na kwa muda mrefu nilidhani kwamba nimeingia kwa mlango wa nyuma. Baadaye nikatambua kuwa nyumba ile haina mlango wa mbele.

Mambo yalikuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya magonjwa ya wafanyakazi, akawasihi madaktari wenzake wamwulize kila mgonjwa kazi anayoifanya. Mwaka 1775 bingwa wa upasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza kwamba saratani ya mfuko wa korodani iliwapata hasa wale waliokuwa wakisafisha dohani tangu utotoni, akailaumu masizi. Pott hakujua ni kitu gani ndani ya masizi kilichodhuru, wala hakuwa na njia ya kujua. Katika miaka ya 1930 ndipo wanasayansi wa mjini humo humo walipokitenga kutoka katika lami ya makaa ya mawe kimojawapo cha viini vinavyoleta saratani. Daktari aliona, na mkemia akaeleza. Kati yao ilipita zaidi ya miaka 150.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa mtu ambaye hakuwa daktari hata kidogo. Clair Patterson alikuwa Mmarekani, mkemia wa mawe. Mwaka 1956 alichapisha umri wa dunia, miaka milioni 4,550, aliouhesabu kwa kupima madini ya risasi ndani ya vimondo. Kazi hiyo ilimtesa kwa miaka, kwa sababu kila alipopima alikuta risasi nyingi kupita kiasi. Risasi ilitoka katika vumbi, katika maji, katika vyombo vya kioo, hata katika nywele zake mwenyewe. Ikambidi ajenge chumba cha maabara kisafi kuliko vyote vilivyokuwapo wakati ule. Alipokwisha kupata umri wa dunia, swali la uchafu ule halikumtoka akilini. Alipima maji ya bahari, akakuta kwamba yale ya juu yana risasi nyingi kuliko yale ya kilindini. Maana yake ni kwamba risasi ile ilikuwa ikidondoka kutoka hewani, tena tangu siku za karibuni. Alikwenda kupima barafu ya kale ya Greenland, akaona jinsi risasi ilivyoongezeka kadiri viwanda na magari yalivyoongezeka. Chanzo kikubwa kilikuwa petroli, ambayo tangu miaka ya 1920 ilichanganywa na risasi ili injini isigonge.

Hapa yafaa tumtaje mtu wa upande wa pili. Robert Kehoe alikuwa daktari, mtaalamu wa sumu hasa, mwenye maabara kubwa mjini Cincinnati. Kwa miongo kadhaa yeye ndiye aliyesikilizwa kuhusu risasi, naye alishikilia kwamba kuwa na risasi kidogo mwilini ni jambo la kawaida kwa binadamu. Maabara yake iligharimiwa na makampuni yaliyouza petroli yenye risasi. Msomaji asifanye haraka kumwita mwongo. Kehoe alipima kwa uangalifu, na ili apate watu wasioguswa na viwanda alikwenda hata kwenye kijiji cha mbali nchini Meksiko. Akakuta risasi miilini mwao, akahitimisha kuwa ni ya asili. Kumbe wanakijiji wale walilia chakula katika vyombo vya udongo vilivyong'arishwa kwa rangi yenye risasi. Daktari alilinganisha watu waliochafuliwa na watu wengine waliochafuliwa, akaona wamefanana. Ilihitajiwa elimu ya mawe na barafu kuonyesha dunia isiyochafuliwa ilikuwaje, na hilo halifundishwi katika chuo cha udaktari.

Patterson alichapisha hoja zake mwaka 1965, na akalipa gharama yake: mwaka 1971 jopo la kitaifa la Marekani lilipoundwa kuchunguza risasi ya hewani, yeye aliachwa nje. Mwaka 1979 daktari wa watoto, Herbert Needleman, alitoa ushahidi wa namna nyingine kabisa. Alikusanya meno ya utotoni yaliyong'oka yenyewe, akapima risasi iliyomo, akaonyesha kwamba watoto wenye risasi nyingi zaidi menoni walipata alama za chini zaidi katika mitihani ya akili. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli yenye risasi mwishoni mwa mwaka 2005, na Aljeria ikawa nchi ya mwisho duniani, mwaka 2021.

Sasa tuje karibu na vyungu vyetu. Muhogo mchungu una kitu kiitwacho linamarini, na mzizi unapochubuliwa au kusagwa, kimeng'enya kilichomo humo humo hukivunja kitu hicho na kutoa sianidi. Mama zetu walijua kuuvundika, kuuloweka na kuuanika, na sianidi ikaondoka kwa maji na kwa hewa. Kazi hiyo inapokatizwa, na mlo ukawa muhogo mtupu bila samaki wala maharage, hutokea ugonjwa uitwao konzo: mtu huamka siku moja miguu imekakamaa, asiweze tena kutembea vema maisha yake yote. Ugonjwa huu hushika hasa watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Jina lenyewe ni la Kiyaka, lugha ya kusini magharibi ya Kongo, nalo lamaanisha miguu iliyofungwa.

Mwaka 1981, wakati wa ukame, zaidi ya watu elfu moja walipatwa huko Nampula, kaskazini ya Msumbiji. Kwanza ilihofiwa kuwa ni maradhi ya kuambukiza. Miongoni mwa waliochunguza alikuwamo Hans Rosling, daktari kijana kutoka Uswidi aliyekuwa amesoma takwimu pamoja na udaktari, na kwa kuhesabu nani ameugua, wapi, na amekula nini, yeye na wenzake walielekeza kidole kwenye muhogo. Mwaka 1985 konzo ilionekana Tarime, nako pia kulikuwa na ukame. Huko alihitajika bingwa wa mishipa ya fahamu kuthibitisha kwamba kilichoumia si mfupa wala msuli. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wagonjwa wengine walipatikana katika Mkoa wa Mtwara, nao wataalamu wa lishe wakawa mstari wa mbele.

Lakini kisa cha Bandundu, huko Kongo, ndicho kilichonifundisha zaidi. Hapakuwa na ukame huko. Kilichokuwapo ni barabara mpya ya lami kwenda Kinshasa. Muhogo ukapata soko, magari yakawa yanangoja, na akina mama waliokuwa wakiloweka mizizi kwa siku tatu wakaanza kuitoa baada ya siku moja. Ni mchunguzi gani wa maabara angaliigundua barabara kwa darubini? Iligunduliwa na watu waliokaa vijijini wakiuliza bei na siku.

Dawa yake nayo ilitoka kwa mkemia. Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitengeneza karatasi za kupimia sianidi zinazoweza kutumika kijijini pasipo umeme, kisha akapendekeza njia rahisi sana. Unga wa muhogo huchanganywa na maji, hutandazwa kwa tabaka jembamba, na kuachwa saa mbili juani au saa tano kivulini. Maji hukipa kimeng'enya nafasi ya kumaliza kazi yake, na sianidi hupotea hewani. Halafu ugali hupikwa siku hiyo hiyo. Njia hiyo imetumika na kuzuia konzo katika vijiji vya Kongo.

Nisije nikaeleweka kwamba lazima mtu awe na shahada ya sayansi. Mjini Mombasa, katika mtaa wa Owino Uhuru, kiwanda kilichokuwa kikiyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya risasi kwa wakazi. Aliyesimama kidete alikuwa Phyllis Omido, aliyepata kufanya kazi ya ofisi katika kiwanda hicho, na ambaye mtoto wake mchanga aliugua. Mwanzoni ugonjwa huo haukutambuliwa. Kipimo cha damu ndicho kilichoonyesha risasi. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo mwaka 2024. Wakemia walipima udongo na damu, lakini bila mama yule hakuna ambaye angewaita.

Narudi kwa binti wa Mtwara. Swali lake la pili ni jepesi: asiache kemia, biolojia wala hisabati mpaka Kidato cha Sita, baada ya hapo aweza kupitia udaktari, famasia, kilimo, mifugo, uhandisi au kazi ya bwana afya, ambayo twaidharau bure, kwa maana yeye ndiye huingia jikoni na visimani mwa watu.

Swali lake la kwanza lahitaji watu watatu. Daktari ampime baba pumzi kabla ya msimu na baada yake. Mkemia apime vumbi lililo hewani mtu apuliziapo. Bwana shamba aeleze ni kiasi gani kinachotumika na saa ngapi; yeye ajua kwamba kupulizia alfajiri, kabla upepo haujaamka, hufanya unga ukae mtini badala ya kumrudia mtu usoni. Kwamba vumbi la salfa huwasha macho, ngozi na koo ni jambo lijulikanalo, na kitambaa cha kufunga mdomoni si kinga ya kutosha. Ipo miwani na barakoa iliyotengenezwa kwa vumbi.

Je, hudhuru mapafu kwa miaka mingi? Mwaka 2017 watafiti wa California walichapisha kwamba watoto waliokaa karibu na mashamba yanayotumia salfa walikuwa na pumzi hafifu zaidi. Waliweza kulijua hilo kwa kuwa sheria ya huko humtaka mkulima aandikishe kila dawa anayoitia shambani, kiasi chake, mahali na tarehe. Nilimwandikia binti yule barua nikamweleza hayo, nikamwomba anunue daftari, na kila jioni baba arudipo aandike tarehe, idadi ya mifuko, upepo ulivyokuwa, na kikohozi.